Baba, huyu ndiye mfalme uliyeniuliza

Stockholm

Baba mpendwa, asalaam aleykum. Shikamoo wewe na Mama. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Ulitaka kujua nani aliyeianzisha hiyo Akademi ya Uswidi iliyompa mtoto wetu wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ni Mfalme Gustav wa Tatu. Kwenye simu nilikutajia jina tu, na habari zake hazifai kukatwa juu juu.

Alirithi ufalme mwaka 1771, akiwa na miaka 25. Siku zile mfalme wa Uswidi alikuwa pambo, mamlaka yalikuwa bungeni. Agosti 1772 akawageuzia kibao wabunge kwa msaada wa askari, bila kumwaga damu, na mwaka huohuo akapiga marufuku kuwatesa watuhumiwa ili wakiri.

Yeye mwenyewe alilelewa kwa Kifaransa, na barua zake nyingi aliandika kwa Kifaransa. Hata hivyo alitaka Waswidi wawe na opera na tamthilia kwa lugha yao wenyewe. Akawajengea jumba la opera lililofunguliwa 1782, akatunga michezo kwa mkono wake, kisha mwaka 1786 akaunda Akademi ya watu 18, kazi yao kuitunza na kuikuza lugha. Kwa hilo namheshimu sana, Baba.

Lakini mwaka uleule wa 1786 aliipa kampuni moja hati ya kufanya biashara kwenye kisiwa cha Saint-Barthélemy huko Karibi, alichokipata kutoka Ufaransa miaka miwili kabla, na hati hiyo iliruhusu biashara ya watumwa kutoka Afrika. Sisi tuliokua tukipita Mkunazini kila siku, lilipokuwa soko la watumwa, hatuwezi kulifumbia macho hilo. Mimi sijaweza.

Mwaka 1789 alijiongezea mamlaka zaidi, akawafungulia wakulima haki ya kununua ardhi iliyokuwa ya makabaila. Makabaila wakamwekea kinyongo, na baadhi yao wakala njama.

Usiku wa tarehe 16 Machi 1792 kulikuwa na dansi ya barakoa mlemle katika jumba lake la opera. Akiwa mezani akila chakula cha usiku, akaletewa barua isiyo na jina: usiende, watakuua. Akaisoma, akashuka ukumbini, nishani yake ikionekana kifuani, kwa hiyo barakoa haikumficha. Watu waliovaa nyeusi wakamzunguka, na Jacob Johan Anckarström, aliyewahi kuwa kapteni jeshini, akampiga bastola kwa nyuma. Milango ikafungwa, kila mtu akaamriwa avue barakoa. Mfalme akateseka na jeraha mpaka akafa tarehe 29.

Nguo alizovaa usiku ule zipo hadi leo, kwenye makumbusho yaliyo chini ya jumba la kifalme. Nilisimama mbele ya kabati la kioo nikaliona tundu: liko mgongoni upande wa kushoto, karibu na kiuno. Bastola nazo zimehifadhiwa. Ndani zilitiwa risasi pamoja na misumari, ili asipone.

Mwambie Mama kifurushi chake kimefika salama, na ada ya mdogo wangu nitaituma Ijumaa, inshallah. Bibi mpeni mkono wangu.

Mwanao