Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sajili Kuu ya Viwango vya Data

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kujenga sajili kuu ya viwango vya data vilivyoidhinishwa, yaani kanuni za namna data inavyoandikwa. Orodha ya awali ilikuwa hati ya PDF. Mtu aliisoma bila shida, lakini programu haikuweza kuiuliza kama kiwango fulani bado kinatumika. Kila mwanachama akawa na nakala yake ndani ya mfumo wake, na toleo jipya lilipotoka nakala hizo zikaanza kupingana.

Sasa kila kiwango kina rekodi yake ya JSON, muundo wa maandishi ambao programu huusoma kwa urahisi: kitambulisho, jina, toleo, hali, tarehe ya kuidhinishwa, mmiliki, leseni, na anwani ya skima (faili inayoeleza muundo wa data) pamoja na heshi yake ya SHA-256, alama inayokokotolewa kutokana na faili yenyewe, ili anayepakua ahakikishe faili haikubadilika. Tarehe hufuata ISO 8601, kiwango cha kimataifa kinachoanza na mwaka, kisha mwezi na siku, kwa kuwa 03/04/2025 ni Machi kwa mmoja na Aprili kwa mwingine.

Vitambulisho ndivyo vilivyojadiliwa kuliko yote, na vilistahili. Ukiweka jina la idara ndani ya anwani inayobeba kitambulisho cha kiwango, siku idara hiyo ikiunganishwa na nyingine anwani inakufa pamoja na viungo vyote vinavyoitegemea. Ndiyo maana tunatumia namba tupu, na namba iliyokwisha kutolewa haitolewi tena. Katika ISO 3166, orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, msimbo CS ulikuwa wa Chekoslovakia. Mwaka 2003 ukapewa Serbia na Montenegro. Anayekuta CS kwenye data ya zamani hana budi kutafuta kwanza ni ya mwaka gani. Sajili ya misimbo ya lugha inayotunzwa na IANA, taasisi inayoratibu namba na misimbo ya intaneti, haifuti msimbo: huuwekea alama kwamba haupendekezwi tena na, ukiwapo mbadala, huutaja. Tumefuata njia hiyo. Hata kiwango kilichobatilishwa, anwani yake itaendelea kujibu, ikieleza sababu na mrithi wake.

Kabla rasimu haijafika kwenye kamati, programu huipima kwa mifano ya aina mbili: sahihi, na mingine iliyoharibiwa makusudi. Hii ya pili ndiyo yenye faida zaidi. JSON Schema, lugha ya kuandikia skima za JSON, huruhusu sehemu za ziada usipozizuia, na sehemu isiyotajwa kuwa ya lazima ni ya hiari. Mtu akiandika "tarehe_kuzaliwa" badala ya "tarehe_ya_kuzaliwa", skima legevu huipitisha rekodi hiyo bila neno, na tarehe haionekani tena popote. Mfano mbovu ukikubaliwa, rasimu inarudi kwa mwandishi.

Namba za matoleo zina mtego mmoja. Kuongeza thamani kwenye orodha ya misimbo huonekana jambo dogo, kumbe mfumo unaopokea, ukiwa umeifunga orodha yake, utaikataa rekodi nzima. Msimamo wangu ni kwamba nyongeza kwenye orodha iliyotangazwa kufungwa ihesabiwe badiliko kubwa, na namba ya kwanza ya toleo ipande.

Bado kuna viwango visivyo na mmiliki. Havitapewa hali ya "kimeidhinishwa" ndani ya sajili, maana hitilafu ikiripotiwa hakuna wa kuijibu. Naomba kila mwanachama aliyependekeza kiwango ateue mmiliki na msaidizi wake kabla ya mkutano mkuu, kisha aondoe orodha alizonakili na kuuliza sajili moja kwa moja. Hifadhini jibu la mwisho kwenye seva zenu, ili sajili ikizimika kazi isisimame.