Shilingi elfu tatu kwa maji tu?

Wiki iliyopita mteja mmoja alitoka dukani akinung'unika kwamba tumemlia pesa yake: elfu tatu kwa kuosha santuri moja, "tena kwa maji tu." Si wa kwanza kusema hivyo. Basi tueleze.

Maji yenyewe si ya bomba. Ya bomba yana chumvichumvi, na yakikauka huacha ukoko ndani ya mifereji ya santuri, ile inayobeba sauti, sindano ikipita unasikia mchakacho wimbo mzima. Tunatumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi (soma chupa kabla ya kununua, asidi nayo inauzwa hapohapo), na matone machache ya sabuni ya maji isiyo na manukato. Ila kabla ya maji, vumbi kavu litoke kwa brashi laini. Ukimwagia maji santuri yenye vumbi la Tabora umeshakanda tope, na tope hilo linashuka mpaka chini ya mfereji. Brashi inafuata mzunguko, haikati. Lebo tunaifunika isilowe. Kisha maji ya pili, yasiyo na sabuni, ambayo watu wa nyumbani huyaruka kwa sababu santuri tayari inang'aa. Mwisho inasimamishwa kivulini. Kuna mama wa Ng'ambo alianika LP zake, zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, juani, mwezi wa kumi, ili zikauke upesi. Zilipinda kama papadi, na hakuna kuosha kunakorudisha hiyo.

Lakini kazi yenyewe huanza kabla ya hayo yote: kujua santuri imetengenezwa na nini. LP zilizoingia sokoni mwaka 1948, na zile ndogo za spidi 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zilizofuata 1949, nyingi ni za vinyli, ambayo ni plastiki. Hata mafuta ya vidole yakigoma, alkoholi safi kidogo iliyochanganywa na maji haiidhuru. Zile nzito za spidi 78 ni kitu kingine. Nyingi ni za shelaki, utomvu wa wadudu, na shelaki ndiyo ileile ambayo maseremala huiyeyusha kwa spiriti wapate vanishi.

Kijana mmoja wa Isevya alizifuta 78 za marehemu babu yake kwa spiriti ya duka la dawa. Pamba ikawa inatoka nyeusi, akafurahi, akaongeza. Alidhani ni uchafu. Ilikuwa santuri yenyewe. Alipotuletea tuzirudishe, tukamwambia ukweli na hatukumtoza kitu. Kuzisafisha mwanzoni kungemgharimu hela ya soda kadhaa.

Usichojua, uliza, simu ni bure kwetu. 78 ni nzito, ngumu, ikianguka inavunjika vipande. Ya vinyli inanesa kidogo mkononi.

Sasa kuhusu lile la "nimelipa na bado inakwaruza." Mkwaruzo hauoshwi. Tunachotoa ni uchafu. Ndiyo maana tunaipiga santuri mbele yako kabla hatujaigusa, usikie mwenyewe, na tunaipiga tena ukija kuichukua. Anayesema hana muda wa kusikiliza ndiye hurudi na malalamiko. Mwingine alirudi mara mbili, kumbe sindano yake nyumbani imelika, inachimba mifereji tuliyokwisha kuisafisha. Na 78 zinataka sindano pana zaidi. Ile ya LP inakwenda chini kabisa ya mfereji na kuokota kelele tu.

Wazee wanaotuletea santuri za Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, bendi za zamani za hapa Tabora, hawaulizi bei. Wanajua hizo hazichapwi tena.

Bei inabaki elfu tatu kwa ndogo na elfu tano kwa LP, pamoja na bahasha mpya ya ndani, maana kuirudisha kwenye karatasi yenye ukungu ni kazi bure. Zilizokwisha kupakwa spiriti, mafuta ya nazi au gundi ya mbao, tuambie kabla. Hizo tunaziangalia kwanza, bei baadaye.