Mhariri, andikeni pia juu ya maji ya Migingo

Mhariri,

Kila mara mkiandika Migingo, kile kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho Kenya na Uganda wanagombania, naona ni ile picha moja tu, mabati yamebanana juu ya mwamba hadi huoni pa kukanyaga, halafu mnauliza kisiwa ni cha nani. Mimi ni mama samaki, nanunua mbuta, yani sangara, Muhuru Bay nauza hapa Kisumu, na kwangu hilo swali la mwamba si ndo kubwa. Samaki hawalali kwa mwamba. Nataka muandike juu ya maji, hasa ule mkondo mdogo kati ya Migingo na Usingo.

Kwa wale hawajafika, Usingo ndo kisiwa kikubwa, Migingo yenyewe ni kama nusu ekari, na katikati ni maji ya kama mita 200 hivi, mtu akiita kwa nguvu upande huu anasikika ule. Nilipita hapo na boti ya kuchukua samaki, ndugu yangu akiwa kwa injini, akapunguza mwendo juu boti zilikuwa zimejaana. Upande wa Migingo redio inapiga benga, moshi wa majiko, mama mmoja amechuchumaa karibu kabisa na maji anapasua mbuta kubwa kumshinda mkono. Nikageuza kichwa Usingo, kimya, mawe meupe kwa mavi ya ndege. Nikauliza mbona watu wasihamie huko kwenye nafasi, nikaambiwa kuna pepo. Sikubishana nao, wao ndo wanalala Migingo.

Sasa mwaka jana ndugu yangu alishikwa hapo hapo kwa mkondo, si mbali ndani ya ziwa, hapo katikati. Watu wenye sare wakamwambia amevuka mpaka, wakachukua samaki, wakachukua pesa, wakamwaga hata petroli ya injini, akapiga kasia na mikono imechubuka mpaka boti nyingine ikamwonea huruma ikamvuta. Wiki hiyo sikuwa na kitu cha kuuza na wateja wangu wakahamia kwa wengine.

Mimi nauliza, alivuka mpaka gani? Mstari wa ziwani uliwekwa na Waingereza 1926, na upimaji wa pamoja wa nchi zote mbili ulioanza 2009 ukaonyesha Migingo iko ndani ya Kenya kama mita 510. Usingo iko mashariki ya Migingo, yani ndani zaidi huku kwetu, kwa hivyo huo mkondo uko nyuma ya mwamba kabisa. Lakini mwaka huo huo, Mei, Museveni alisema mwamba ni wa Kenya lakini maji ni ya Uganda, na tangu hapo hakuna mtu ametuonyesha hayo maji yanaanzia wapi. Kwa mlango wa nyumba ya mvuvi ama wapi?

Sisemi vijana wetu ni malaika. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya hili ziwa, samaki huku ufuoni wamepungua, kwa hivyo kuna wanaovuka kweli na wanajua wamevuka, na hao walipe leseni ya wenyewe kama sheria inavyosema. Lakini mtu akitega nyavu jioni, upepo ukizisukuma usiku, asubuhi atajuaje yuko wapi na hakuna alama hata moja kwa maji? Wangeweka maboya yenye taa kwenye huo mstari, kila mtu ayaone, na anayeshika watu ayaone pia.

Naomba mpeleke hili swali kwa wizara za pande zote mbili na majibu myachapishe pamoja na ramani, ile kubwa ya ukurasa mzima, tuibandike bichi. Na mkituma mwandishi, asiishie kwa mwamba kupiga picha ya mabati. Ndugu yangu amesema atambeba bure mpaka katikati ya mkondo, ila aje na laifjaketi yake, kwa boti ziko mbili tu.

Mama Samaki,
Kisumu