Zawadi, kichwa si stoo

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeusoma wote, hata ule wa usiku wa manane uliosema una miaka thelathini na mmoja na hujui kumaliza kitu. Hilo silikubali. Gauni la arusi la dada yako ulilitia shanga mwenyewe hadi alfajiri bila hata kukumbuka kula. Mtu asiyejua kumaliza hafanyi vile.

Daktari amekuambia ni ADHD, ule upungufu wa umakini unaoweza kuandamana na kutotulia. Huku mtaani watu hudhani ni mambo ya watoto watundu. Lakini daktari Mskoti, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu wasioweza kushikilia wazo moja tangu mwaka 1798, na wengi wanaokuwa nayo utotoni huendelea nayo ukubwani. Msichana mtulivu wa kuangalia dirishani, kama ulivyokuwa, hasumbui darasa, kwa hivyo hakuna anayempeleka hospitali. Tena hurithiwa sana. Nikimkumbuka marehemu babu yako, akiacha banda la kuku nusu ili atengeneze redio ya jirani, naona ilikopitia. Kwa hivyo asikuambie mtu ni uvivu. Mvivu hakosi usingizi kwa sababu ya kazi ambayo hajaifanya.

Ninalotaka ushike ni hili: usikipe kichwa kazi ya kuweka. Yule daktari alikueleza vizuri, kwamba sehemu ya akili inayoshikilia jambo huku unafanya lingine, kwako inaachilia upesi. Basi toa mambo nje, yakae pale macho yatakapoyakuta. Hapa dukani sikumbuki kipimo cha mteja hata mmoja. Kitambaa kikiingia tu, kabla hajatoka mlangoni, ninakipigia pini karatasi: jina, kifua, kiuno, urefu, dipoziti, siku ya kuchukua. Karatasi haikai kwenye droo. Inakaa juu ya kitambaa chenyewe, ili nikishika kazi niwe nimeishika na habari yake.

Chukua tokeni za stima. Unalipa ukiwa kwenye matatu, nambari 20 zinaingia kwa simu, unasema utazibonyeza ukifika. Kabla ya Roysambu zimeingia jumbe kumi nyingine, na usiku unakaa gizani na tokeni umelipia. Usinunue tena ukiwa njiani. Nunua umesimama mbele ya kile kidude, kidole kiko tayari. Kodi ya nyumba iagize benki ijitume yenyewe kesho yake ya mshahara. Maharagwe yakiwa kwa gesi, weka kengele ya simu na simu uiache jikoni, ili ikilia uinuke uende.

Kazini ni vigumu zaidi, najua, hasa ile ripoti ya madai ya bima. Neno "ripoti" ni kubwa mno kuanzia. Andika kitu ambacho mkono unaweza kufanya sasa hivi: fungua faili la Machi, nakili nambari ya dai la kwanza. Ukishaingia, mara nyingi mwendo unakuja wenyewe. Na meneja akikupa maagizo mkikutana kwenye ngazi, mwambie kwa heshima, "Naomba unitumie kwa maandishi nisikose kitu." Hiyo si kujidhalilisha, ni kufanya kazi vizuri. Tundika pia saa ya mishale mbele yako, ya ukutani, maana dakika zako hazijihesabu. Ndiyo unastukia umepitishwa hadi Githurai.

Madaftari ya kupangia siku usinunue tena, tafadhali. Yale uliyo nayo yanatosha kabati. Shika moja, na njia ikichosha ibadilishe bila kujilaumu. Akili yako hupenda kipya, acha ikusaidie.

Kuhusu dawa, msikilize daktari, wala si mimi wala rafiki zako wa kazini. Akikuandikia methylphenidate, hiyo huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe kwenye ubongo, na inaweza kupandisha presha na kukata hamu ya chakula. Kwa hivyo kula uji wako kwanza, pimwa presha anavyosema, na usimgawie mtu hata kidonge kimoja. Ila kidonge hakipangi jikoni. Hayo mengine bado utayafanya.

Jambo moja nimeliona tangu ukiwa shule ya msingi: hesabu ulizifanya vizuri ukikaa kando ya cherehani yangu. Sikukusaidia hata swali moja, nilikuwa nashona tu. Watu wengi wenye hali hii husema hivyo hivyo, kwamba mtu akiwepo karibu na kazi yake, nao yao inasonga. Tafuta mwenzako wa ofisini mkae meza moja asubuhi, kila mtu na lake, bila maongezi.

Na marejesho ya kodi ya KRA lazima yaingie kufikia Juni 30. Jumamosi nitapitia barabara ya Outering nifike kwako saa nne, nikiwa na kola za sare za kupinda. Toa P9 yako, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi, uiweke mezani leo, ukimaliza tu kusoma hapa. Mimi nitapinda kola, wewe utajaza. Chapati nitabeba, usipike.

Mama yako