Saa hiyo niletee mimi

Mwanangu Baraka,

Ukinipigia saa nane usiku kuniambia moyo unakukimbia, nitapokea, hilo usiogope. Lakini haya yasome mchana ukiwa umetulia, maana usiku ule husikii ninachosema, unasikiliza kifua chako tu.

Daktari alikufanyia ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akapima damu na tezi ya shingo. Aliniuliza kama utotoni uliwahi kuumwa koo kisha viungo vikavimba, kwa sababu huku kwetu homa hiyo huharibu vali za moyo za vijana, na kama kuna wa kwetu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Nikamwambia hakuna. Bado akaagiza picha ya moyo, nayo ikatoka safi. Yale mapigo yanayoruka, alisema, watu wengi wenye moyo mzima wanayo na hawajui. Wewe unajua kwa sababu unayavizia.

Ukiwa umekaa, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika ni kawaida. Ukipandisha mtungi wa maji hadi ghorofa ya tano huko Roysambu, yatafika 130, yasipofika ndipo nitashangaa. Wewe unaangalia hiyo saa yako ya mkononi inayohesabu mapigo, unaogopa, na hofu yenyewe inaukimbiza moyo zaidi. Unaangalia tena: 140. Unaanza kuhema mbio mbio, vidole na midomo vinakufa ganzi, basi unajiambia ni stroki. Ni kule kuhema, Baraka, kunapunguza hewa ukaa mwilini. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unayovuta. Kwa kawaida hofu ya namna hiyo hufika kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe.

Sisemi unajifanya. Mjomba wako anayesema ni uvivu, mwachie maneno yake. Kifua kinakubana kweli, na wasiwasi ni ugonjwa wenye matibabu. Kwa hiyo rudi kwa yule mshauri, usiniambie ati alikuuliza maswali tu. Maswali ndiyo dawa yake.

Halafu tuongee kuhusu kukesha. Unafanya kazi za mtandaoni mpaka alfajiri, unashushia vinywaji vya nguvu, na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, mdomoni (usikatae, nimeona majani kwenye mfuko wa jaketi nikifua). Sasa moyo ungefanyaje?

Ila ukizimia, hasa ukicheza mpira, au kifua kikikubana kila ukijikaza na kuachia ukipumzika, au ukishindwa kupumua ukilala chali, usinipigie kwanza. Nenda hospitali, utanipigia ukiwa huko.

Jumapili njoo Umoja, dadako atapika chapati. Saa niletee, nitaivaa nikienda soko la Mutindwa nione natembea hatua ngapi. Na usije na kopo lolote la hivyo vinywaji, nitakumwagia mlangoni.

Mamako