Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Makovu ya Mapafu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule, walimu, wazazi wenzetu na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Karibu Mbagala, na pole kwa foleni ya Barabara ya Kilwa.

Sisi ni wazazi wachache ambao watoto wetu waliugua nimonia kali wakiwa wadogo, wakapona homa, kifua kikabaki. Madaktari huuita bronkiolaitisi obliteransi. Ni ugonjwa adimu. Maambukizi, mara nyingi ya virusi vya adeno, wakati mwingine surua, huharibu vijia vidogo kabisa vya hewa, navyo hupona kwa kovu na kuziba. Hewa inaingia, kutoka ndiyo kazi.

Mheshimiwa, kinachotuchosha ni kuambiwa "hiyo ni pumu tu." Kifua kinalia filimbi, mtoto anapewa pampu ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, nafuu ni ndogo au haipo, anarudishwa na pampu ileile. Eksirei ya kawaida inaweza isioneshe kitu. Siti skani, picha ya kina ya ndani ya mwili, ndiyo huonesha mapafu yenye mabaka mabaka, hasa mtoto anapotoa pumzi, lakini kwa mama muuza vitumbua hicho si kipimo cha kukurupukia.

Makovu hayafutiki. Tunachoweza ni kulinda sehemu iliyo salama kwa chanjo, lishe, kuwahi matibabu na kukaa mbali na moshi.

Yupo mwenzao wa darasa la nne. Hupanda ngazi akisimama kila baada ya vipandio vitatu, mkono ukutani, mabega yakipanda na kushuka. Wenzake humwita Babu. (Hawana ubaya, ila Babu mwenyewe ana miaka 10.) Tunamshukuru Mwalimu Mkuu kwa kumwondoa kwenye mchakamchaka, tunaomba sasa darasa lao lihamie chini.

Ombi zito zaidi ni taka zinazochomwa nyuma ya ukuta wa shule kila asubuhi. Tumeshasema mpaka tumechoka. Serikali ya mtaa itakusikiliza wewe kuliko sisi.

Mwisho, tunaomba kipima oksijeni cha kidoleni kikae ofisi ya walimu. Kikisoma chini ya asilimia 90, mtoto akimbizwe hospitali, mzazi atamkuta huko huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.