Kwenu vijana mnaopiga filamu za wanamuziki wetu, Lubumbashi

Wanangu,

Nasikia mnazunguka mitaa yetu ya Katuba na Kenya na kamera, mnatafuta wapiga karindula, lile gitaa kubwa la pipa, na wale vijana wa rapu wanaojirekodia wenyewe chumbani. Vizuri sana. Ila kabla hamjafika mbali, mimi mzee wenu nina neno.

Filamu za wanamuziki wasio na kampuni nyuma yao zinapenda mno siku ya bahati. Katika La Vie est belle ya 1987, mwimbaji Papa Wemba anaigiza kijana wa kijijini anayeota kuonekana kwenye televisheni ya Kinshasa. Mwaka 2010 ikaja Benda Bilili!, ya wanamuziki walemavu wa Kinshasa na kijana Roger, mpiga satonge, chombo cha uzi mmoja alichojitengenezea kwa kopo. Walioipiga walikaa nao miaka, na hilo nalisifu. Lakini inaishia majukwaani Ulaya, watu wanashangilia. Mwaka 2013 baadhi ya vigogo wa kundi walijitoa. Pesa iligawanywaje, nani alikuwa anaamua? Filamu ilikwisha zamani.

Tazameni Félicité ya Alain Gomis, ya 2017. Mwimbaji wa baa, mwanawe kaumia kwa ajali ya pikipiki, hospitali inataka pesa ndipo impasue. Mama anapita mlango kwa mlango kuwadai waliomkopa. Na kundi la Kasai Allstars wanapiga mle ndani kama watu walio kazini. Hiyo ndiyo filamu ya mwanamuziki!

Basi msikimbilie vumbi na miguu peku. Onyesheni pipa la karindula linavyovalishwa ngozi ya mbuzi na kufungwa nyuzi nne. Ulizeni mwanamuziki matangani analipwa na nani, anagawana vipi na wenzake, na wimbo ukishapanda kwenye intaneti pesa inaingia kwa jina la nani. Mwacheni aimbe mpaka mwisho. Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kilichosafiri dunia ni vidole vyake kwenye gitaa. Hakuna aliyehitaji kumwona analia.

Na kabla ya kuwasha kamera, andikianeni: filamu ikiuzwa, fungu lake ni lipi. Ikiwa tayari, aione kwanza yeye na majirani zake, festivali zitangoja.

Ni mimi papa yenu,
Katuba